Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Steji: Tunaomba Logibuku

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Matatu (jina nimelihifadhi, wewe unajijua, na mimi bado nahitaji kusafiri),
Barabara ya Nyeri–Nyahururu.

MINTARAFU: KUUZWA KWETU MWEIGA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumai gari linalokubeba wewe hukufikisha hadi mlangoni pako. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mjini Nyeri, na pamoja na wenzangu tuna ugonjwa wa kutotulia wikendi. Wengine hulala, wengine hufua. Sisi huchanga pesa kwa simu Ijumaa usiku, na Jumamosi kunapopambazuka tuko steji tukigombania dirisha. Tumekwenda Nanyuki kusimama na mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini mwa dunia, na kumlipa kijana mwenye karai atuonyeshe maji yakizunguka, ingawa mwenzetu wa fizikia alikuwa ametueleza tangu Kiganjo kwamba ule ni ujanja wa mkono. Tumekwenda Naro Moru kuutazama mlima uliokataa kutoka mawinguni. Kwa ufupi, kama kuna watu wanaokilisha chama chako siku za wikendi, ni sisi.

Kwa hiyo naandika kama mteja, ingawa vijana wako wana neno jingine kwa ajili yetu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka maporomoko ya Thomson. Tulilipa nauli ya Nyahururu hadi Nyeri, shilingi mia tatu kila mmoja, kabla gari halijaondoka, kwa sababu kijana wako hana imani na mtu mwenye begi la mgongoni. Tukapita Ndaragwa. Tukapita Solio, na yule anayesoma utalii akatutangazia, kama afanyavyo kila mara, kwamba nyuma ya ua ule kuna vifaru. Tulipofika Mweiga watu wengi wakashuka, tukabaki sisi sita na abiria wengine wa kuhesabika. Dereva akatazama kioo. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, ambako watu wa kwenda Nyahururu walikuwa wamejazana, mikono mifukoni, na ile baridi ya Mweiga unaijua. Hesabu ikafanyika hapo hapo kichwani mwake.

"Watu wa Nyeri, ingieni hiyo ya mbele. Nimewalipia."

Mheshimiwa, huenda hujawahi kuuona mnada wenyewe, maana wakubwa hawakai steji jioni. Makanga wako alisimama katikati ya magari mawili, noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa baina ya vidole. Akatuhesabu kwa kidevu. Mwenzake akatoa bei, wako akacheka, mwenzake akajifanya anaondoka, akaitwa. Wakakubaliana shilingi sabini kwa kichwa. Nilisikia vizuri kwa sababu walikuwa wakibishana juu ya kichwa changu. Mnunuzi alijaribu kuomba nyongeza kwa ajili ya mwenzetu mmoja mrefu, akidai magoti yake yanakula nafasi ya mtu wa pili, akanyimwa. Biashara ikafungwa. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Tulipokaribia Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, makanga mpya akaanza kukusanya nauli. Tukamwambia tumelipiwa. Akasema alipewa ya watu wanne. Tukamwambia ampigie mwenzake. Akatuambia sisi ndio tumpigie, kwa sababu sisi ndio tulikuja naye. Wawili wetu wakalipa tena.

Katika msitu wa Aberdare, jirani na njia yenu hii, mwezi wa Februari mwaka 1952, binti mfalme wa Uingereza alipanda hoteli ya mtini ya Treetops jioni akiwa Elizabeth, na aliposhuka asubuhi alikuwa malkia, kwa kuwa baba yake alifariki usiku ule. Hadithi hiyo tumeisikia hadi imetuchosha. Lakini mimi nilipanda Nyahururu nikiwa abiria, nikashuka Mweiga nikiwa bidhaa, na hakuna hata aliyeweka kibao.

Mwenzetu wa sheria (kila kundi lina wake) alitaka nikunukulie kifungu cha 30 cha Katiba, kinachokataza mtu yeyote kushikiliwa utumwani, na nikukumbushe kwamba Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Nimekataa. Waliouzwa kule hawakuwa wakirudi bwenini kumalizia kazi ya mwalimu, na mateso yao si ya kuchezewa kwa ajili ya shilingi sabini. Nabaki na mifugo.

Ng'ombe, Mheshimiwa, hauzwi hivi. Ng'ombe akitaka kuvuka kutoka kaunti hadi kaunti, sheria inamtaka mwenyewe apate kibali cha daktari wa mifugo, kinachosema ni ng'ombe wangapi, wanatoka wapi, wanakwenda wapi. Askari akisimamisha lori, anauliza kibali. Gari lenu nalo husimamishwa, kijana wenu hushuka akazunguka nyuma na mkono wake mfukoni, kisha tukaendelea. Lakini hakuna siku askari aliuliza hawa wanatoka wapi na waliahidiwa kufikishwa wapi. Fahali wa Nyandarua anapelekwa Nyeri akiwa na karatasi. Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne sina.

Ndipo tukakaa, tukaafikiana, na tunakuletea ombi letu kuu kwa unyenyekevu: kwa kuwa mtaendelea kutuuza, tupewe logibuku, kama magari.

Tumeifikiria kwa kina. Kila abiria wa masafa marefu akilipa nauli apewe kijitabu chake, cha rangi mtakayopenda, chenye muhuri wa chama. Namba ya usajili tutumie ile ya chuo. Namba ya injini iwe ya kitambulisho. Aina ya mwili, mwenzetu mrefu aandikwe lori, na ubishi wa magoti uishe siku hiyo. Uzito mtupu upimwe asubuhi. Uzito na mzigo upimwe jioni, baada ya yule wa utalii kununua viazi vya barabarani ambavyo huahidi kwamba atavipika na havijawahi kupikwa. Kwenye mafuta andikeni chai na mandazi. Kwenye rangi, acheni nafasi kubwa, maana ile tunayoondoka nayo Nyeri na ile tunayorudi nayo hazifanani.

Halafu kuna ile sehemu yenye maana kuliko zote, idadi ya wamiliki wa awali. Mnunuzi ana haki ya kujua. Abiria aliyeuzwa Ndaragwa, akauzwa tena Mweiga, hawezi kuwa na bei sawa na aliyetoka moja kwa moja. Amechakaa. Amekaa kiti cha nyuma juu ya gurudumu. Ameanza kujibu vibaya. Ni udanganyifu kumuuza kama mpya.

Uhamishaji nao uwe wa kisasa. Mwenye gari akiuza gari lake, huanzisha ombi mtandaoni, mnunuzi akalikubali, kumbukumbu ikabadilika. Nasi iwe hivyo. Makanga wa kwanza abonyeze, wa pili akubali, na sisi tupokee ujumbe kwenye simu: "Ndugu abiria, umehamishwa kikamilifu kwa shilingi 70. Asante kwa kuchagua chama chetu." Kwa ujumbe huo, hakuna atakayedai alilipwa ya watu wanne. Abiria naye aruhusiwe kumkagua mnunuzi kabla hajahamishwa: azunguke gari, aguse matairi, amwangalie dereva machoni kwa muda wa kutosha. Akitaka, aendeshwe kwa majaribio hadi mwisho wa maduka na kurudi.

Liko jambo moja ambalo naamini chama chako hakikulifikiria, na nalisema kwa faida yenu. Mimi nasoma kwa mkopo wa HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Gari lililonunuliwa kwa mkopo, logibuku huandikwa majina mawili, la mwenye gari na la benki, na huwezi kuliuza hadi benki itoe idhini. Mimi pia sijalipiwa. Kwa haki kabisa, jina la Bodi ya Mikopo liwemo kwenye kijitabu changu, na kila mnaponiuza Mweiga pawe na barua ya idhini kutoka Nairobi. Mnaweza kujikuta mmeuza mali ya serikali saa moja ya jioni kwa shilingi sabini, na wale watu hawasahau deni.

Mwisho kuhusu hili, kamisheni. Dalali wa kiwanja hupata chake, dalali wa ng'ombe hupata chake. Mimi niliyesimama kwenye manyunyu nikiuzwa, nilichopata ni mafua.

Maombi mengine ni madogo, na sitakupotezea muda. Wale abiria wa kukodiwa mnaowakalisha ndani ili gari lionekane limebakiza kiti kimoja, tafadhali wafundisheni kuigiza. Yupo mmoja tumeshamzoea kiasi cha kusalimiana. Nauli isipande kila wingu linapopita juu ya steji. Ule ubao wa sambaza mnaoutandika kati ya viti upigwe randa, suruali zetu si nyingi. Na mikanda ya usalama: marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alipoyafunza matatu adabu mwaka 2004, abiria 14 na mkanda kila kiti, alidhani mikanda hiyo ingefungwa viunoni. Ya kwenu imefungwa fundo.

Ningeishia hapo, kwa sababu sisi ni vijana, tunacheka, na mwisho wa yote tulifika. Lakini Jumapili ile hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na shosho aliyepanda Ndaragwa, na mfuko wa kabichi, na mjukuu. Alikuwa anakwenda kulala kwa bintiye Nyeri ili Jumatatu awahi kliniki ya presha. Alikuwa amelipa. Alikuwa amechagua kiti cha mbele kwa sababu goti lake halikunji. Kijana wako alimwambia, "Shosho, shuka haraka, unatuchelewesha." Unatuchelewesha! Mtu aliyelipa afikishwe Nyeri anamchelewesha nani akiwa njiani kwenda Nyeri? Alishushwa, mfuko ukafuata, kabichi moja ikabingirika hadi kwenye mtaro, na katika gari la pili kiti kilichokuwa kimebaki ni cha nyuma kabisa. Tulimwinua sisi. Hakulalamika, Mwenyekiti. Alisema, "Ndivyo walivyo," kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

Mmefanya watu wazima wawaone ninyi kuwa hali ya hewa. Mnachukua pesa ya safari nzima, mnatoa huduma ya nusu, mnaweka mfukoni tofauti, kisha mnatukasirikia tukiuliza. Msichana mmoja wa chuo chetu, wikendi nyingine, aliachwa Mweiga gizani kwa sababu gari aliloambiwa limelipiwa lilikuwa limejaa, na lililomleta lilikuwa limeshageuza. Alirudi kwa boda boda, kwa pesa aliyokopeshwa na mwenye duka. Kijana wako alimwambia kesho yake kwamba angevumilia kidogo. Avumilie nini? Ninyi mna magari, mna steji, mna mwenyekiti, mna ofisi yenye kalenda ukutani. Mtu mmoja kati yenu angeshindwa nini kusema kwamba gari linaloandikwa Nyeri lifike Nyeri?

Niwie radhi, Mheshimiwa. Nimepandisha sauti, na wewe ni mtu mzima. Turudi kwenye adabu.

Wikendi moja hatukuwa na nauli, tukaenda kwa miguu hadi kwenye kaburi la Baden-Powell pale Nyeri, yule mwanzilishi wa maskauti aliyefariki Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti yenye maana kwamba nimekwenda nyumbani. Mwenzetu wa sheria aliitazama, akasema huyu bila shaka hakupitia kwenu.

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, tunakwenda Nanyuki tena. Yule kijana wa karai anatungoja. Magari yako yapo njia hiyo pia, nasi tutapanda kwa sababu hakuna mengine saa hizo. Tutakuwa sita, mmoja lori. Tutarudi Jumapili jioni, na njia inapita Kiganjo, kilipo chuo cha polisi. Kama itabidi mtuuze, basi mtuuze pale, mbele ya lango, kwa sauti kubwa, na bei ianzie mia moja.

Wako mtiifu, na mali yako kuanzia Nyahururu hadi mtakapobadilisha nia,

Abiria wa kiti cha nyuma, juu ya gurudumu.

Nakala: Daktari wa mifugo.