Bamiza Tu, Mama

Mwenye gari kuukuu hapa Dar es Salaam humkaribisha abiria kwa maneno matatu: "Taratibu na mlango!" Nimeyasema miaka mingi, na wote wamefuzu. Hata mama mkwe, niliyemfikishia ujumbe kwa mafumbo, hufunga mlango wa Corolla yangu kana kwamba ndani kuna mtoto aliyelala.

Kisha nikabadilisha raba za milango. Za zamani zilikauka na kupasukapasuka kwa jua. Masika, aliyekaa nyuma kushoto alishuka amelowa bega moja. Kiangazi, sote tulifika harusini tukiwa na rangi ya barabara.

Kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, muuzaji alinisifia za mtumba kutoka Japani. Sikuzitaka. Raba iliyobanwa na mlango miaka kumi na tano imeshabonyea. Ni kununua uzee wa mwenzako. Nikachukua mpya, za kukatiwa kwa mita.

Kazi yenyewe haitishi. Unang'oa ya zamani kwa mkono, unasugua gundi kwenye ukingo wa bati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, unaacha pakauke. Raba mpya ina vyuma ndani vinavyong'ata bati, hivyo unaipachika ukiigonga kwa kiganja. Unaanzia chini, katikati ya kizingiti, ili kiungo kiishie hapo. Ila usiivute! Raba iliyovutwa hurudi ilikotoka, ikakuachia pengo kwenye kona.

Jirani, ambaye hana gari, alileta grisi ya kuilainisha. Nilimshukuru nikaificha, maana grisi huvimbisha raba za aina hii.

Kupima, unabana karatasi mlangoni na kuivuta. Ikitoka bila ubishi, maji nayo yatapita. Nilitumia kadi ya mchango wa harusi. Ikachanika katikati. Nilifurahi mara mbili.

Tatizo ni kwamba raba mpya ni nene, na mpaka ilale, mlango haushiki kitasa ila kwa nguvu. Jumapili mama mkwe akapanda, akafunga kwa adabu yake. Haukushika.

"Bamiza tu, mama."

Akanitazama, akafunga taratibu zaidi. Alidhani namtega.

"Ngoja nikusaidie, mama," akasema mke wangu, huku akikunja mikono ya gauni. Ruhusa hiyo aliisubiri tangu tufunge ndoa. Mlango ulishika. Kioo kikashuka chenyewe mpaka nusu, na mpaka leo hakijapanda.