Jinsi ya Kukimbia Maili Mia Bila Kufukuzwa

Kabla ya viatu, andaa jibu. Ukichomoka Suna alfajiri, hata daraja la Mto Migori hujalivuka, mama anayepanga nyanya zake atakuuliza: "Nyathina, nani amekufa?" Kwetu mtu mzima hakimbii barabarani pasipo msiba, mvua au askari. Usithubutu kusema ni starehe. Sema unawahi mazishi Homa Bay. Atakupa pole, pengine na ndizi.

Maili mia ni kilomita 161. Pita Uriri, Awendo na Rongo, teremka Homa Bay, gusa maji ya ziwa, kisha urudi ulikotoka. Bado utadaiwa kilomita kadhaa, na hizo utazilipa kwa kuizunguka stendi ya Migori huku makanga wakikuvuta mkono wakidhani wewe ni abiria wa Isebania.

Wazimu huu una mwenyewe. Mwaka 1974, huko California, Gordy Ainsleigh alijitosa katika mashindano ya farasi ya maili mia bila farasi, akamaliza kwa saa 23 na dakika 42. Ukaidi wake ulizaa mbio za Western States, ambako anayemaliza chini ya saa 24 hupewa bizimu ya fedha. Ndiyo, bizimu, kile chuma cha kufungia mshipi. Mshipi wenyewe ujitafutie. Katika nchi ambayo mkimbiaji hutarajiwa kurudi na ploti na ng'ombe wa maziwa, jiandae kuitiwa kikao cha ukoo.

Sasa siri ya mwendo: usikimbie. Saa 24 zinakudai kilomita 6 na ushei tu kwa saa. Mlima wowote, tembea. Akina mama wanaobeba ndoo za omena kichwani hadi sokoni wameijua mbinu hii tangu zamani, bila saa ya mkononi wala kocha. Mteremko ndio wa kuogopwa, maana mapaja hugeuka breki, na breki huisha. Kucha za miguu zitakuaga. Usizililie.

Kula kabla njaa haijabisha hodi: nyoyo ya mahindi na maharagwe, uji, chochote tumbo litakachokubali, kwa kuwa kufikia usiku litakuwa limegoma. Na hapa sitanii: ukijijaza maji matupu saa nyingi bila chumvi, chumvi ya damu huzimuliwa, na watu wamekufa kwa hilo.

Usiku akili nayo huchoka. Karibu na Awendo miwa itaanza kutembea. Usishtuke, ni usingizi. Ila mingine inatembea kweli, imepakiwa kwenye trela la trekta lisilo na taa hata moja, kwa hiyo kabla ya kuisalimu, toka barabarani.

Ukivuka hapo, amebaki adui mmoja, na si malengelenge. Saa saba usiku, kilomita chache kabla ya Uriri, mwenye bodaboda atapunguza mwendo akuandame pole pole, taa yake ikikimulika kivuli chako kinachochechemea. "Jaduong', panda tu. Utanilipa kesho."

Tazama mbele. Hesabu nguzo za stima. Lolote ufanyalo, usiulize bei.

Mimi niliuliza.