TV Pana kwa Laki Nne: Mambo Manane, Tunahesabu Kushuka

Pamba ikishauzwa na choroko ikishatoka, barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza inakuwa na msafara wake pale Kolandoto. Bodaboda zinapita, na nyuma ya dereva kuna mtu amekumbatia boksi pana kuliko kifua chake. Ndani ya boksi ni TV. Nawafurahia sana watu hawa, kwa sababu kioo kizuri sebuleni kinakusanya ukoo mzima. Ninachokiogopa ni miezi mitano baadaye, boksi lile lile linaporudi barabarani, safari hii likielekea kwa fundi.

Basi tuhesabu pamoja, kuanzia namba 8 iliyo nyepesi hadi namba 1 iliyo nzito kuliko zote. Bajeti yetu ni shilingi laki nne: hela ya mkulima, ya muuguzi wa hospitali aliyeajiriwa juzi, ya mama lishe wa stendi. Mwenye duara la dhahabu lililotema kule Nyarugusu aendelee na inchi zake 75. Sisi tutakwenda kumsalimia siku ya fainali.

8. Wembamba

Muuzaji ataigeuza TV ubavu akuonyeshe ilivyo nyembamba. Msifu, kisha mkumbushe kwamba kwenu watu hukaa mbele ya TV, hakuna anayekaa ubavuni. Wembamba huo una gharama yake: spika zimebanwa chini au nyuma, sauti inaishia ukutani. Kama una sabufa, kagua kwanza kama TV ina tundu la kutolea sauti. Bila tundu hilo, sabufa itabaki kubeba chombo cha maua.

7. Usmati

TV smati isiyo na intaneti imesoma sana ikakosa ajira. Saa moja ya YouTube kwa picha safi inaweza kula GB 1 ya bando au zaidi, na kwa wengi wetu bando la simu ndilo intaneti yenyewe. Tena smati nyingi za bei ya chini zina kumbukumbu ndogo, kiasi cha GB 1 ya kufanyia kazi na GB 8 za kuhifadhia, kwa hiyo programu zikidai toleo jipya mara mbili tatu, TV inaanza kuganda. Nyumba yenye waifai ichukue smati. Isiyo nayo ichukue ya kawaida yenye kioo bora, na chenji ikasubiri namba 1.

6. Inchi

Inchi za TV hupimwa mshazari, kona hadi kona. Inchi 32 ni sentimita 81. Kioo chake kina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40. Inchi 43 ni sentimita 109, upana 95 na kimo kama 54. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani, pima kioo chenyewe bila fremu. Boksi likisema 32 na futi ikakataa, amini futi. Mwadui hapo jirani hakuna anayenunua almasi kwa kusoma bahasha.

Sasa pima sebule. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni mita 3 hivi. Ukitoa kochi na kabati, macho yanabaki mita 2 na kidogo kutoka ukutani. Hapo inchi 32 inatosha, na 43 inapendeza kama fedha inafika. Inchi 55 ina upana wa sentimita 122. Utafuata mpira kwa shingo, na wakati wa mapumziko utahitaji kuchuliwa.

Na hili la boksi kuandikwa "1080p": TV nyingi za inchi 32 zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Zinapokea picha ya 1080p, halafu zinaipunguza ienee kwenye nukta zilizopo. Kwa umbali wa mita 2 hutaona hasara kubwa, lakini usikubali kulipia 1080p ambayo haimo ndani. Kioo cha 1080p kamili kina nukta 1920 kwa 1080. Muulize muuzaji kioo chenyewe kina nukta ngapi, usimuulize TV inakubali ngapi.

5. Kioo cha pili

Wenyewe madukani wanaiita "dabo glasi", yaani kioo kigumu cha ziada mbele ya kile cha picha. Kama nyumbani kuna mtoto wa miaka minne, nunua hiyo bila mjadala. Mtoto wa umri huo akimwona simba kwenye TV hamkimbii, anampiga kwa kijiko. Kioo cha picha kikipasuka, bei ya kingine inakaribia bei ya TV mpya, na fundi mkweli atakuambia hivyo kabla hajafungua skrubu. Kioo cha pili kinaongeza uzito, basi tafuta brakti imara. Kinaakisi pia mwanga, kwa hiyo usiielekeze TV mlangoni. Jua la Shinyanga la saa tisa alasiri litaona mechi kabla yako.

4. Mgeni wa pembeni

TV ya Kolandoto haiangaliwi na mwenye nyumba peke yake. CHAN ya Agosti 2025 ilipochezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na Taifa Stars ikafika robo fainali, sebule zilijaa: wazee kwenye makochi, vijana kwenye mikono ya makochi, watoto mkekani. Kuna TV ambazo aliyekaa katikati anaona jezi ya bluu, aliyekaa ubavuni anaona kijivu, na mtoto wa mkekani anaona kivuli. Hilo linatokana na aina ya kioo, na hakuna rimoti inayolirekebisha.

Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji aiwashe, halafu wewe tembea. Nenda kushoto hadi mwisho wa kaunta, rudi kulia, kisha chuchumaa kabisa uitazame kutoka chini. Watu watakushangaa, wewe unawatetea wageni wako. Rangi zikibaki zile zile pande zote, umepata. Omba pia ukurasa mweupe mtupu na mweusi mtupu, utafute nukta iliyokufa au kona yenye kivuli.

Ukifika nyumbani, usiipandishe karibu na dari. Pale juu ni mahali pa picha ya Rais. TV iteremshe hadi katikati ya kioo ikaribiane na macho ya mtu aliyekaa.

3. Matundu ya nyuma, na flashi yako mfukoni

Hapa ndipo watu wengi wanapoipoteza picha waliyoilipia. TV mpya ya kioo kipana imefika, sherehe imeanza, halafu king'amuzi kinaunganishwa kwa zile waya tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Waya wa njano ni wa enzi za TV ya kichogo, haupitishi picha ya HD hata ukiubembeleza. Mechi inarushwa safi, wewe huwezi kusoma namba mgongoni mwa mchezaji, na unaishia kumlaumu refa kwa kosa la waya. Tumia HDMI. Kagua TV iwe na matundu mawili ya HDMI: moja la king'amuzi, la pili la kompyuta au gemu la watoto. Likiwa moja tu, mtakuwa mnachomoa na kuchomeka kila siku mpaka tundu lilegee.

Jambo la pili la hapo hapo ni umbo la picha. TV pana ina umbo la 16:9, na vipindi vya zamani vilipigwa kwa 4:3. King'amuzi kisipowekwa sawa kinaivuta picha ijaze kioo: mtangazaji wa habari anavimba mashavu, mpira unakuwa na umbo la yai, na gari la saluni linarefuka hadi kuwa basi. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, chagua 16:9, halafu zima ule uvutaji, hapo na kwenye TV pia. Mkikutana na mchezo wa zamani wa Kaole Sanaa Group, iacheni mikanda myeusi ya kushoto na kulia ikae. Wasanii wale walikuwa na miili yao, hakuna haja ya kuwanenepesha.

La tatu ni flashi. Huku muvi nyingi zinaingia nyumbani kwa flashi, zikiwa zimetafsiriwa tayari, na TV inaweza kusoma faili moja na kuikataa nyingine. Faili nyingi za siku hizi zimebanwa kwa mtindo wa H.265 ili zisichukue nafasi. TV isiyoujua mtindo huo itakupa sauti bila picha. Nyingine hazielewi sauti ya DTS, zitakupa mapigano ya Kichina kimya kimya. Beba flashi yako yenye muvi unazoangalia kweli, ichomeke dukani, jaribu faili tatu au nne. Video ya samaki wa rangi aliyoiweka muuzaji imechaguliwa kwa sababu inapendeza kwenye kila TV.

2. Fundi kabla ya duka

Pita kwanza kwa fundi wa mjini Shinyanga, umuulize swali moja: TV ya jina gani vipuri vyake unavipata bila kuagiza mbali? Jibu lake lina thamani kuliko tangazo lolote, liwe la Hisense, TCL au la majina mapya yanayozaliwa kila Nanenane. Kinachoharibika sana kwenye TV hizi ni taa za ndani zinazoangaza kioo. Zikiungua, sauti inabaki na picha inatoweka. Utazirefushia maisha siku ile ile ya kwanza kwa kuingia kwenye mipangilio na kupunguza mwanga. TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa mwanga wa kushindana na taa za dukani, na sebuleni kwako hakuna wa kushindana naye.

Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, uhakikishe namba ya boksi inafanana na ya mgongoni mwa TV. Ukipendelea mtumba, soma volti zilizoandikwa nyuma. Umeme wetu ni volti 230, wa Japani ni 100. TV iliyotengenezwa kwa 100 pekee ukiichomeka ukutani moja kwa moja, itawaka mara moja tu.

Boksi libebwe limesimama, kamwe lisilazwe.

1. Umeme

Hii ndiyo sababu ya mimi kung'ang'ania usimalize laki nne zote kwenye kioo. Tenga laki moja kabla hujaingia dukani, uifunge mahali pake. Humo mtoke kinga ya umeme, brakti, waya wa HDMI na nauli ya boksi. TV ya laki tatu yenye ulinzi itaizika ya laki nne isiyo nao.

Jioni mashine ya kusaga inanguruma, fundi wa kuchomelea geti anamalizia kazi, mtaa mzima umewasha taa, na umeme unashuka. Ukikatika na kurudi, unaweza kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua saketi. Nunua tivi gadi ya kweli, ile inayokata umeme ukizidi au ukipungua, na umeme ukirudi inasubiri kidogo kabla ya kuuruhusu upite. Ekstensheni yenye kitaa chekundu haikingi kitu. Kile kitaa kinakupa taarifa tu kwamba umeme upo.

Kuhusu LUKU, ondoa hofu. TV ya inchi 32 inayokula wati 50, ikiwaka saa 6 kwa siku, inatumia uniti 9 kwa mwezi. Kwa mteja mdogo wa TANESCO anayetakiwa asivuke uniti 75, hiyo ni sehemu ndogo. Ukitaka kugombana na mtu, gombana na mwenye pasi. Asiye na umeme wa gridi atafute TV ya sola ya volti 12 inayokula betri moja kwa moja, asiingie gharama ya inveta.

Kile kitambaa kizuri alichofuma shangazi kitoe TV ikiwashwa, kwa sababu kinaziba matundu ya kupumulia mgongoni. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu, usinyunyize maji.

Na kinga yoyote ile haiwezi radi ya Kanda ya Ziwa. Ikianza kunguruma upande wa Mwadui, chomoa waya wa umeme na waya wa dishi, zote mbili, hata kama ni dakika ya 89 na Simba wamepata kona.