Kwa Tume ya Mishahara: Awendo Tuna Maabara

Mwenyekiti na makamishna,
Tume ya Mishahara na Marupurupu,
Nairobi.

KUH: KULINGANISHA MSHAHARA WA SERIKALI NA WA KAMPUNI BINAFSI

Waheshimiwa, kifungu cha 230 cha Katiba kimewapa kazi ya kuhakikisha mishahara ya umma inabebeka, inavutia wenye ujuzi na inatambua bidii. Ndiyo maana hamchoki kumpima mtumishi wa serikali kando ya mwenzake wa kampuni binafsi. Mnajisumbua na wataalamu wa nini? Sisi wa Awendo tuna kiwanda cha sukari cha Sony kilichosaga miwa chini ya serikali tangu 1979, kisha mwaka 2025 kikakodishwa kwa mwekezaji kwa miaka 30. Mtambo ni ule ule, miwa ni ile ile, na moshi unawaangukia watu wale wale. Kilichobadilika ni mwajiri tu.

Tuanze na serikali, maana ndiko heshima ilikokuwa. Mtu wa Sony alikuwa mtu. Kazi ya kudumu, chama cha wafanyakazi cha kumtetea, likizo, pensheni. Sako ilimkopesha kabla hajamaliza kujieleza, na ukweni aliwekewa kiti chenye mgongo. Kwenye jedwali lenu mtu huyo angeng'aa. Shida ni kwamba jedwali hilo lina safu ya anachostahili, halina safu ya alichopokea. Miezi isiyolipwa ilipandana mmoja juu ya mwingine, hadi kiwanda kinakodishwa deni la wafanyakazi lilikuwa sehemu ya mazungumzo.

Sheria ni moja kwa wote. Mwajiri binafsi asipolipa mshahara kwa wakati, anavunja Sheria ya Ajira ya 2007 na afisa wa leba anaweza kumfuata. Serikali isipolipa, jambo lenyewe hupewa jina la kistaarabu, malimbikizo, na waziri huja kuyaahidi kwa kipaza sauti.

Nawalaumu kwa kutotualika Aprili 2024, mlipokutana Nairobi kutafuta jinsi ya kushusha mishahara ya umma hadi asilimia 35 ya mapato. Dawa tulikuwa nayo: mwandikie mtu mshahara mnono, halafu usimlipe. Julai mwaka huo ilibidi vijana wajae barabarani ndipo nyongeza za wakubwa zisitishwe. Hapa mishahara ilisita yenyewe, bila hata kitoa machozi.

Kampuni binafsi nayo isijipigie makofi. Wenye viwanda hujivunia kulipa kwa wakati, na kulipa kidogo kwa wakati si kazi ngumu. Kandarasi ni fupi, na ukiuliza habari ya pensheni unaonyeshwa foleni ya vijana langoni. Kima cha chini cha kibarua wa shambani asiye na ujuzi, hata baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024, hakikufika shilingi 8,000 kwa mwezi. Kima hicho hutangazwa na serikali, hodari wa kuwapangia wengine siku ya mshahara.

Halafu yuko mkata miwa. Huyu hakuwa wa serikali jana, na leo si wa mwekezaji. Ni wa kontrakta. Hulipwa kwa alichokata, panga ni lake, na akijikata mguu, mguu pia ni wake. Sekta zote mbili zimemkubali kwa usawa ambao hata Katiba ingeuonea wivu. Mtamweka safu gani?

Ombi langu ni dogo. Kwa mwaka mmoja wa fedha, jipandishieni mishahara kwa asilimia 40, kisha msichukue hata senti. Karatasi za mshahara mpewe kila mwezi, zikiwa na mhuri. Mwaka wa pili, hamieni kandarasi ya miezi mitatu mitatu. Mtakaobaki, njooni msimu wa kukata miwa muandike ripoti.

Posho ya safari hiyo msiidai mapema. Tutaiingiza kwenye malimbikizo.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Awendo