Baiskeli Isiyobeba Kitu

Tanga ni mji wa baiskeli, na hapo ndipo shida za mtu kama mimi zinapoanzia. Mahali ambapo baiskeli ni kitu kigeni, mwendeshaji hupungiwa mkono akapita zake. Hapa kila mtu ni mjuzi. Hata mgeni aliyeshuka basi asubuhi, kabla hajavuka reli kuingia Ngamiani, ameshapishana na mikate, mtoto wa shule, mbuzi aliyefungwa miguu na kitanda kilichovuliwa chaga, vyote juu ya magurudumu mawili. Ukitokeza wewe na baiskeli ya mbio, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za beberu, huna mzigo wala huna unakopeleka, mji mzima unadai maelezo.

Nimezunguka njia nyingi za mkoa huu, na naweza kuapa kwamba mchanga, mvua na milima havijawahi kuniharibia safari kama huruma ya watu.

Chukua njia ya Pangani. Kwenye ramani ni tamu: kilomita 50 hivi, bahari iko kushoto nyuma ya minazi, vilima ni vya kuchekea. Ramani haisemi habari ya kusi. Upepo huo ukishika miezi yake ya katikati ya mwaka hukupiga kifuani tangu unatoka mjini, ukawa unakanyaga pedeli kwa nguvu zote huku mnazi ule ule ukikutazama. Pale Kigombe mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinionea imani.

"Mwanangu, kwa upepo huu Pangani haendi mtu. Ngoja kaskazi."

"Kaskazi ya lini, babu?"

"Desemba."

Wala hakuwa akitania. Alisogea kidogo kwenye kivuli ili nipate pa kungojea.

Kabla ya hapo unapita Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Karibu na pwani hiyo, mwaka 1498, merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilipanda fungu ikakwama mpaka maji yalipojaa. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India, Wareno waliichoma moto maeneo hayo hayo kwa sababu mabaharia wamekufa wengi na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Namsimulia kila anayenicheka. Mimi nami nilikwama hapo, kwenye mchanga wa njia ya mchepuko, baharia mmoja tu chomboni, na wazo la kuchoma moto lilinijia. Nilinusuriwa na watoto waliokuwa wanatoka madrasa. Walinisukuma kwa furaha kubwa, wakaendelea kunisukuma hata mchanga ulipokwisha, wakanisukuma kwenye mteremko, na kelele zangu za "Basi! Basi!" zikapokewa kama kiitikio.

Halafu kuna mkonge. Miche yake ililetwa kutoka Florida mwaka 1893 na mtaalamu mmoja wa Kijerumani. Ilitumwa kama elfu moja, na husemwa kuwa 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Hiyo 62 ikazaa mashamba yasiyo na mwisho, na kila jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani. Tairi yangu ina upana wa kidole gumba. Hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.

Fundi niliyepelekwa kwake alikaa chini ya mwembe na beseni lake la maji. Aliiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akaniangalia kwa masikitiko.

"Hii inaumwa nini mpaka imekonda hivi?"

Kuziba pancha hakukumshinda: alikwangua tyubu kwa msasa, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika kiraka kilichokuwa kipana kuliko tyubu yenyewe. Kazi ilikuwa kwenye kujaza upepo. Mdomo wa tyubu yangu ni mwembamba, una kinati cha kufunguliwa juu, na pampu yake ilizoea midomo minene ya baiskeli za kazi. Wakaitwa mafundi wengine. Ikaletwa mipira ya pampu ya aina zote, ukaletwa mrija wa dawa ya kupulizia mikorosho. Mzee mmoja aliyefika kutia mafuta kwenye cheni akauliza gia ziko ngapi. Nikamwambia ishirini na mbili. Akatikisa kichwa.

"Yangu ina moja, na nimetoka Muheza na gunia la machungwa. Zako nyingine ishirini na moja zinafanya nini?"

Nikamweleza kuwa kila gia ina mlima wake. Akatazama kushoto na kulia, kule tambarare tupu, akaniacha na Mungu wangu. Hatimaye upepo uliingia, kwa msaada wa kipande cha ndala kilichotobolewa. Fundi alikataa hela. Alisema hawezi kumtoza mgonjwa.

Lakini yote hayo ni maandalizi ya kanga. Suruali ya mchezo huu inabana na ina sponji makalioni, kwa sababu kiti kilibuniwa na mtu asiyekalia. Mbele kidogo ya Kigombe nilisimama kununua samaki wa kukaanga. Mama muuzaji alinitazama mara moja tu, akageuza uso.

"Jistiri, baba."

"Hii sare ya mchezo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mchezo gani wa kwenda hivyo mbele za wakwe za watu?"

Akavua kanga ya mabegani akanifunga kiunoni yeye mwenyewe, fundo la kikazi, mbele ya wateja. Ungekataa wewe? Nikaondoka nimestirika. Kilomita chache mbele upepo ulilipeperusha pindo, cheni ikalidaka, na mimi nikalala pembeni ya barabara kwa adabu zote. Kanga ilikuwa imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Cheni ilikuwa imetafuna zile herufi tatu za mwanzo, na iliyobaki ikawa inanishauri kinyume kabisa.

Kipande kimoja cha kanga bila mwenzake hakina kazi, kwa hiyo nililipa doti nzima. Nilijitahidi kuchagua rangi, sikutazama maneno. Maneno yalikuwa makali, na mama alipotoka nayo jirani yake akaona anasemwa. Nasikia mpaka leo hawapeani chumvi.

Ndipo nikaamua kuhamia milimani, nikidhani huko watu wana shughuli zao. Kutoka Mombo barabara inaacha njia kuu na kujikunjakunja kwenye genge kupanda Lushoto: kilomita 33, kutoka chini ya mita 500 hadi karibu mita 1,400. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal kwa heshima ya Kaizari wao, ambaye hakuwahi kuja kuupanda mlima wenyewe kwa chombo chochote, namwelewa. Hapo angalau gia zangu zote zilipata ajira. Kabla ya Soni nilikuwa nakwenda taratibu kiasi kwamba bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani alinisalimu, tukaongea habari za mvua na bei ya maharage, akanitangulia.

Lori lililoshusha kabichi Mombo likawa linarudi juu tupu. Likasimama mbele yangu.

"Pakia!" akapiga kelele utingo.

Nikamshukuru, nikamwambia nafanya mazoezi. Dereva akatoa kichwa dirishani kuhakikisha amesikia vizuri. Nikarudia. Wakatazamana. Utingo akashuka, akaninong'oneza kwa upole, "Kaka, kama huna hela sema tu. Hakuna aibu." Nilipokuwa natafuta jibu, baiskeli ilikuwa imeshapaa juu ya bodi, na mkono wenye nguvu umenishika kwapani.

Tulipita maporomoko ya Soni nikiwa nimekalia majani ya kabichi, upepo wa mlima usoni, na sitasema uongo: nilistarehe. Tulimpita na yule bibi. Alinipungia.

Lushoto utingo alinishushia baiskeli kwa uangalifu, akaifuta hata vumbi, kisha akanyoosha kiganja.

"Elfu mbili."

"Si ulisema bure?"

"Wewe bure," akasema. "Mzigo tunatoza."