Jinsi ya Kuandika Ngũgĩ Kwenye Terminali Bila Kumvua Kofia

Kiswahili cha kila siku kinaenea ndani ya ASCII na nafasi zake 128, na hapo ndipo mwanaprogramu anapobweteka. Anaunda dirisha zuri la ncurses, maktaba ya C ya kuchora kwenye terminali, analizungushia fremu, anapanga orodha ya vitabu. Kisha anafika kwa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Jina linageuka vurugu, na fremu inapinda. Ukitaka kuikwepa aibu hiyo, fuata hatua hizi.

1. Ita setlocale(LC_ALL, "") kabla ya initscr(). Bila hivyo, programu ya C huanza kazi bila habari kwamba terminali yako inatumia UTF-8.

2. Weka #define _XOPEN_SOURCE_EXTENDED juu kabisa, kabla ya kujumuisha curses.h, na uunganishe kwa -lncursesw. Hiyo w ya mwisho usiidharau: ndiyo inayoleta maktaba ya herufi pana.

3. Hifadhi jina kama wchar_t, ukitanguliza L: L"Ngũgĩ". Kwenye Linux kila wchar_t hula baiti 4. Lipa bila kunung'unika. Jina likitoka kwenye faili, ligeuze kwa mbstowcs, na uangalie jibu lake, kwani hurudisha -1 ikikuta baiti mbovu.

4. Andika mvwaddwstr(dirisha, y, x, jina). Mstari kwanza, safu baadaye, hata kama mwalimu wa hesabu alikuzoesha kuanza na x. Kisha wrefresh(dirisha), la sivyo utakodolea macho dirisha tupu huku jina limetulia kwenye kumbukumbu.

5. Usipime jina kwa strlen. Katika UTF-8 Ngũgĩ ni baiti 7, lakini kwenye kioo anakalia safu 5. Hata wcslen ichunge: kama kofia za ũ na ĩ zimehifadhiwa kando na herufi zake, nayo itahesabu 7. Muulize wcswidth, maana yeye huhesabu safu, na anajua kwamba 中 hukalia mbili. Fremu yako itanyooka.

Atatokea mtu akushauri uandike Ngugi tu, eti wasomaji wataelewa. Mkatalie. Katika Kikuyu u na ũ ni sauti mbili tofauti, na jina la mtu si mahali pa kubania baiti mbili.