Mpwa Wangu na Hisabu ya Nasibu

Miongoni mwa mambo yanayomkosesha mwanadamu usingizi, licha ya kuambiwa na wazee wake kwamba kila jambo lina wakati wake, ni ile tamaa ya kutaka kuijua ajali yake kabla haijamfikia. Na hapo zamani mtu wa pwani aliposhikwa na tamaa hiyo alikwenda kwa mpiga ramli, akatoa chochote alichojaaliwa, akatazamiwa, akarejea nyumbani na jibu ambalo, likitokea lolote, halikosi kuwa kweli. Mpwa wangu Swaleh, kijana wa kidato cha nne asiyekuwa na imani na ramli, aliamua kujitazamia mwenyewe kwa kompyuta, na natija ya utabiri wake ilikuwa jaduali. Ndani ya jaduali hilo mlikuwa na vyuo vikuu ishirini vya Marekani, kwa kuwa ile fomu ya pamoja, ambayo vyuo zaidi ya elfu moja vya nchi ile huipokea, haimruhusu mwombaji kupita ishirini, na Swaleh hakuzaliwa kuacha haki yake. Mbele ya kila chuo aliandika asilimia, na asilimia akaitia rangi: nyekundu kwa vyuo vya kutamani, manjano kwa vyuo vya saizi yake, kijani kwa vyuo vya akiba. Wekundu ulikuwa umetanda kutoka juu hata karibu na chini, manjano yakafuata kwa haya, na kijani kilikuwa mstari mmoja tu, uliotiwa pale kwa shinikizo la mamake.

Sisi wa Kenya hatukuyazoea mambo haya. Mtoto wetu hufanya mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, akipata C+ au zaidi huwa na haki ya kuomba masomo ya shahada, kisha KUCCPS, idara ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni, huzichukua alama zake, huzipigia hesabu ya pointi ambazo kilele chake ni 48, na mashine ikampa chuo na somo lake. Mashine hiyo, hata wanaoilaumu watakubali, haina udaku: haimuulizi mtoto anapenda kufanya nini Jumamosi, wala ni tukio gani lililombadilishia mtazamo wake wa maisha. Vyuo vikubwa vya Marekani hudai kumtazama mtu kwa ujumla wake, alama zake na insha yake na barua za walimu wake na michezo yake na tabia zake, na maadamu vinatazama kila kitu, hapana awezaye kusema kwa yakini ni kitu gani kilichomwingiza huyu na kumtoa yule. Mwaka 2022 watu 61,220 waliomba kuingia Harvard, chuo kilichoasisiwa mwaka 1636, nao waliokubaliwa walikuwa 1,954; na katika wale 61,220, sina shaka, kila mmoja alikuwa amekwisha kuambiwa na mamake kwamba hana mfano.

Swaleh hakutishika, kwa sababu alikuwa na kanuni yake. Alitueleza, tukiwa tumeketi uani baada ya isha, kwamba ikiwa kila chuo kinampa nafasi ya 5 kwa mia, na vyuo ni ishirini, basi tano mara ishirini ni mia, na mia kwa mia maana yake ni kwamba safari imekwisha kuthibiti na kilichobaki ni kununua koti la baridi. Babake, ambaye ana duka la vyombo vya nyumbani karibu na Marikiti, na ambaye katika maisha yake yote hajapata kuuziwa kitu chenye dhamana ya mia kwa mia, alitikisa kichwa tu. Aliyejibu ni Mwanaisha, mdogo wake Swaleh, ambaye hisabati kwake ni starehe: akasema kwamba kwa kanuni hiyo, kama vyuo vingekuwa ishirini na kimoja, Swaleh angekubaliwa kwa 105 kwa mia, jambo ambalo hata yeye angelitazama kwa mashaka, kwamba njia sahihi ni kuzidisha nafasi za kukosa, na ukizidisha 95 kwa mia mara ishirini unabaki na kukosa kwa karibu 36 kwa mia, basi kupata angalau chuo kimoja ni 64. "Na hiyo 64 pia," akaongeza, akiendelea kumenya chungwa lake, "ni kama kila chuo kina macho yake. Wakiwa wote wanatafuta mtu wa namna moja, na wewe si yeye, basi ishirini ni sawa na kimoja." Mimi nikaona hapo ndipo penye kiini cha kadhia yote, maana mvuvi hata akitega nyavu ishirini, ikiwa zote amezitega katika maji ambamo samaki hapiti, hana sababu ya kuagiza barafu.

Ikazuka tena habari ya fedha. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo vile vya watu binafsi vyenye majina makubwa zimepita dola 80,000, na shemeji yangu alipotajiwa kiasi hicho aliuliza, kwa adabu kabisa, kama ile ni bei ya kusoma au ya kukinunua chuo chenyewe. Swaleh akamtuliza kwamba yapo madaraja ya msaada, na ni kweli yapo, lakini vyuo vingi humpima mgeni anayeomba msaada kwa mizani tofauti na ya mwenye kujilipia, na ni vichache tu, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vinavyoapa kwamba haviutazami mfuko wa mgeni vinapoamua. Hata huko, asilimia inayotangazwa ni ya umati wote, wala si ya kijana wa Mji wa Kale, Mombasa: MIT, ambako kwa jumla hukubaliwa watu wanne au watano katika mia, wageni wanaokubaliwa ni kama wawili katika mia yao. Siku hiyo manjano mengi yaligeuka kuwa mekundu, na chakula cha usiku kikaliwa kimya.

Fomu ile ya pamoja humtaka mwombaji ataje shughuli zake zisizozidi kumi, na kila shughuli aieleze kwa herufi zisizozidi 150, nafasi za baina ya maneno zikihesabiwa. Kijana aliyekulia kwetu ana shughuli nyingi, lakini hapana aliyemwambia kwamba ni shughuli. Kukaa dukani kwa babake kuliandikwa kuwa ni usimamizi wa mauzo na uhusiano na wateja, na mwenye duka alipoyasoma hayo aliuliza msimamizi huyo aliajiriwa lini, maana yeye anamjua kijana mmoja tu anayeketi nyuma ya sufuria akitazama simu mpaka wateja wakaondoka wenyewe. Klabu ya mdahalo ya shuleni, ambayo kwa ufahamu wangu ilikutana ikachagua viongozi na haikukutana tena, ilipewa nafasi ya kwanza kwa sababu Swaleh alikuwa makamu wa mwenyekiti. Kuwafundisha watoto wadogo juzuu ya Amma kila alasiri, kazi aliyoifanya tangu ndevu hazijamtoka na bila ya ujira, hakukuandika kabisa, hata Mwanaisha alipomkumbusha ndipo akakutia chini, nafasi ya tisa, kwa herufi zisizofika hamsini.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa insha. Maneno 650, yasizidi, mtu ajieleze nafsi yake. Na Swaleh alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba wasomaji wa kule huipenda insha yenye masaibu ndani yake. Basi aila nzima ilikusanywa ili kumtafutia kijana masaibu. Dada yangu alikasirika mapema: "Utakwenda kuwaambia watu wa ng'ambo kwamba hatukukulisha?" Babake akakumbuka msimu ambao paa lilivuja, kisha akaghairi, kwa kuwa paa alilitengeneza yeye na hakutaka Marekani nzima ijue lilitengenezwa vipi. Mimi nikapendekeza ile homa ya matumbo aliyougua utotoni, lakini yeye mwenyewe haikumbuki, na ni vigumu mtu kusema alibadilika kwa jambo lililompita akiwa amelala. Bibi yake, yaani mama yetu, aliyekuwa akizungusha tasbihi pembeni kama asiyesikia, ndiye aliyetuokoa: akataja siku Swaleh alipoanguka kutoka juu ya mwembe wa jirani akavunjika mkono. Swaleh akaruka kwa furaha ambayo si kawaida kuiona kwa mtu anayekumbushwa kuvunjika mfupa. Akaandika usiku kucha. Kuanguka kwenyewe kulichukua mstari mmoja na nusu, na yote yaliyobaki yalikuwa juu ya ustahimilivu, na kuinuka tena, na kutazama mbali. Kulipokucha alitusomea kwa Kiingereza huku akimfasiria bibi yake fungu baada ya fungu, na bibi akamsikiliza mpaka mwisho kwa utulivu mkubwa, kisha akauliza: "Mbona hukutaja kwamba hayo maembe ulikuwa ukiyaiba?"

Nisipoitaja barua ya mwalimu nitakuwa sikumtendea haki mtu mwema. Mwalimu wake wa hisabati, ambaye ni sahibu yangu wa barazani, alipewa fomu yenye viwango, na kiwango cha juu kabisa ni kukiri kwamba mwanafunzi huyu ni katika wachache bora uliopata kukutana nao katika kazi yako yote. Mwalimu akaihifadhi fomu ile siku kadhaa akipima neno. "Nikisema hivyo kwa Swaleh," akaniambia juu ya kikombe cha kahawa chungu, "nitasema nini kwa yule wa mwaka wa tisini na nane?" Akatia alama katika kiwango cha mtu mzuri, na barua akaandika kwamba kijana ana adabu, huja mapema na hajapata kumsumbua, na kwa kuwa katika miaka yote ya kazi yake hajapata kumsifu mtu kwa sifa tatu kwa pamoja, aliipeleka akiamini amemwaga hazina. Barua hizo ni za siri, na mimi sikuona sababu ya kumpa mpwa wangu habari ya kumpunguzia asilimia.

Kikaja kisa cha mahojiano. Chuo kimojawapo katika vile vyekundu kilimteua mhitimu wake wa zamani, mzee mpole mwenye miwani, azungumze na Swaleh kwa video, jua likiwa linatua kwetu na asubuhi ikiwa haijapevuka kule kwao. Chumba kilifagiliwa, feni ikazimwa kwa sababu ya kelele zake, na watu wote wakaonywa wasipite. Mambo yalikwenda kwa ufasaha mpaka bibi, ambaye hakuna aliyethubutu kumjumlisha katika neno "watu wote", alipoingia na sinia ya mahamri, akamwona mzee mwenziwe ndani ya kioo, na kwa kuwa yeye hawezi kumwona mtu mzima asimwamkie, akaketi. Hujambo? Watu wa nyumbani hawajambo? Mamako yu hai? Maskini, Mungu amrehemu. Una watoto wangapi? Na mbona uko peke yako asubuhi yote hii, hujanywa chai? Swaleh, jasho likimtiririka, alifasiri kwenda na kurudi, na yule mzee, ambaye yaelekea hakuulizwa habari zake na mtu siku nyingi, alijibu yote kwa tafsili, akauliza mahamri hupikwaje, akaambiwa habari ya tui la nazi na iliki, akaandika. Stima ikapotea wakati bibi alipokuwa anaanza kueleza unga ukandwe muda gani.

"Nimeharibikiwa, mjomba," Swaleh akaniambia gizani.

"Wewe sijui," akasema Mwanaisha. "Bibi ameingia."

Huenda msomaji akadhani kwamba wazimu huu ni wetu peke yetu, nami namwomba asidhani. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki wazazi kadhaa wenye mali, na waigizaji mashuhuri wakiwa ndani yao, kwa kumlipa dalali awaingize watoto wao vyuoni kwa hila. Na katika hila hizo, vijana wasiojua kushika kasia walipigwa picha juu ya mashine ya mazoezi wakaandikwa kuwa ni mahodari wa kupiga makasia. Swaleh hupiga kafi katika hori la Tudor kwa mtumbwi wa ami yake, kwenda na kurudi, mawimbi yawe au yasiwe. Hakuliandika hilo popote. Nilipomuuliza sababu alisema hakuna medali.

Majibu yalishuka mwishoni mwa Machi, mengi kwa usiku mmoja, na sitayasimulia moja moja, kwa kuwa barua ya kukataa ya chuo kikubwa haina tofauti na ya mwenziwe: zote husikitika na zote hukumbusha kwamba mwaka huu waombaji walikuwa wa ajabu. Chuo cha kijani kilimkubali, bila ya fedha. Kile cha yule mzee wa mahamri hakikusema ndiyo wala hapana, kikamtia katika orodha ya kungojea, safu ambayo ndani ya jaduali lote, pamoja na rangi zake, haikuwamo. Orodha hizo hazina mpango unaotabirika. Mwaka mmoja huitwa makumi ya watu, mwaka mwingine asiitwe hata mmoja. Swaleh alikwisha kufungua jaduali jipya kabla babake hajamaliza kuuliza kungojea huko ni bure au kuna malipo.

Pamoja na habari hiyo, chuo kilimwalika mwombaji, akipenda, aandike mambo mapya aliyoyatimiza tangu alipopeleka maombi yake. Tukakusanywa tena uani. Tulifikiri kwa muda mrefu, kila mtu kwa upande wake, na hapana aliyeweza kutaja kitu, kwa sababu tangu mwaka kuanza kijana hakuwa amefanya jambo lolote ila kupiga hisabu ya nafasi zake. Mwanaisha akashauri aandike hilo hilo. Swaleh akauliza anaruhusiwa herufi ngapi.